Kikundi cha watu 640, aliyekuja matangani ni mmoja: ni nini kinachofanya urafiki wa mtandaoni ushike?

#1 Mwana wa Bombo

Assalaam aleikum, na habari zenu nyote. Naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita.

Mama yangu alifariki dunia siku ya Jumanne alfajiri, na kama ilivyo desturi yetu alizikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri. Niliweka taarifa katika kikundi chetu cha WhatsApp cha mashairi na mafumbo ya Kiswahili, ambacho nilijiunga nacho mwaka 2020 wakati wa karantini, na ambacho sasa kina watu 640. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimepokea pole zaidi ya mia mbili, nyingi zikiwa zimefanana neno kwa neno, kwa sababu mmoja aliandika na wengine wakanakili. Sikukasirika, maana pole ni pole.

Usiku huo, yapata saa tatu, tukiwa tumekaa kwenye mikeka uani, bodaboda ilisimama nje ya lango, akashuka mtu ambaye sikuwahi kumwona uso kwa uso maishani mwangu. Alikuwa ametoka Malaba saa sita mchana, akapita Iganga na Jinja, akabadilisha gari Kampala, na mkononi alishika taa ndogo ya sola iliyofungwa kwa gazeti. Baada ya kutoa mkono wa pole alisema, "Mama alikuwa analalamika kwamba umeme wa huku hukatika magharibi." Nilishindwa kujibu. Mama hakuwahi kumwambia maneno hayo. Ila nilipokuwa nikisoma shairi katika ujumbe wa sauti, zaidi ya mwaka mmoja uliopita, sauti ya mama ilisikika nyuma yangu jikoni ikilalamikia giza, na mtu huyu aliisikia, akaiweka akilini.

Yeye ni wakala wa forodha. Tulianza kufahamiana kwa kubishana juu ya tofauti ya mboga na kitoweo, tukaendelea kuandikiana kando ya kikundi, na mwaka jana mke wake alipogunduliwa kuwa na kisukari tulikesha usiku mmoja tukizungumzia vyakula anavyoweza kula. Swali langu ni hili: ni nini kilichomfanya huyu mmoja awe ndugu, na wale 639 wengine wabaki kuwa namba kwenye simu yangu?

#2 Bi Zulfa wa Arua

Pole sana, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mama.

Naona swali lako linaupa mtandao sifa isiyo yake. Mgeni wako alilelewa na watu waliomfundisha kwamba msiba unaendewa, na hata kama mngekutana sokoni badala ya kwenye simu, angekuja vilevile. Hapa kwangu nina jirani ambaye tunatenganishwa na ua wa mianzi tu. Mume wangu alipofariki, jirani huyo alinitumia ujumbe wa simu, na binti yangu alimwona kupitia ua akiuandika, amesimama palepale barazani kwake. Utu wa mtu huenda naye popote aendapo, awe mtandaoni au mlangoni pako.

#3 Karani wa Kisenyi

Pole, kaka yangu. Nafurahi kwamba ulipata mtu wa kweli, lakini naomba wasomaji vijana wasidhani kwamba ndivyo mambo yanavyokuwa kwa wengi.

Nilikuwa na rafiki wa Facebook kabla haijafungwa hapa Uganda mwaka 2016. Tuliandikiana karibu kila siku kwa miaka mitatu. Alijua majina ya watoto wangu, aliniombea nilipofanyiwa upasuaji, na siku ya kuzaliwa kwangu alikuwa wa kwanza kunikumbuka. Kisha akaniambia kwamba amelazwa na anadaiwa shilingi milioni moja na laki nane. Nilipokuwa natuma fedha kwa simu, jina lililotokea kwenye kioo halikuwa lake. Nikamuuliza, akasema ni dada yake. Nilibonyeza namba ya siri, na tangu jioni ile sijamsikia tena. Fedha zilinirudia kwa kazi, lakini ile miaka mitatu sijui niiite nini.

#4 Mwalimu wa Jinja

Poleni nyote wawili, kila mmoja kwa msiba wake.

Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, Jeffrey Hall, ambaye mwaka 2018 alitoa makadirio ya saa ambazo watu huhitaji kuwa pamoja ili urafiki ukue. Alikuta kwamba mtu unayemfahamu juujuu huanza kuwa rafiki wa kawaida baada ya saa 50 hivi, huwa rafiki baada ya saa 90 hivi, na rafiki wa karibu baada ya saa zaidi ya 200. Saa za kuwa kazini pamoja hazikuwa na uzito uleule, kwa sababu wafanyakazi wenzako hukuwachagua.

Sasa tupige hesabu. Kama Mwana wa Bombo na mwenzake walizungumza nusu saa kila usiku, saa 200 zilitimia katika usiku 400, yaani mwaka mmoja na zaidi kidogo. Wale wengine aliwapa dakika mbili mbili za kusoma salamu zao. Kwa maoni yangu, jibu limo humo.

#5 Dereva wa Elegu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini saa hizo sizikubali, na nitaeleza kwa nini.

Mimi hupeleka mizigo Juba. Tuna kikundi cha madereva 42, na sharti letu ni moja tu: hakuna picha za maua za kusema habari za asubuhi; unaandika uko wapi, barabara ikoje na unahitaji nini. Mwaka juzi gari langu liliharibika karibu na Karuma saa nane za usiku, mkanda wa injini ukiwa umekatika, na nikaandika kikundini bila matumaini makubwa. Aliyekuja alikuwa kijana aliyeongezwa siku sita kabla, ambaye sikuwa nimewahi kumwandikia hata neno moja. Alinikuta nimelala chini ya trela kwa sababu ya mvua, akanipa mkanda wake wa akiba, akakaa na tochi mpaka nikamaliza kuufunga. Leo hii ni mtu ninayemwachia ufunguo wa nyumba. Zile saa 200 zilikuja baadaye, baada ya urafiki.

Sisi tunasaidiana kwa kuwa kila mmoja anajua kesho zamu ni yake.

#6 Mwanafunzi wa Gulu

Shikamooni wakubwa. Nina masahihisho mawili, kisha nitatoa hoja yangu.

Karani wa Kisenyi, Facebook haikufungwa mwaka 2016. Mwaka 2016 mitandao ya kijamii ilizimwa siku chache wakati wa uchaguzi wa Februari, na tena mwezi Mei wakati wa kuapishwa kwa Rais, kisha ikarudishwa. Facebook ilifungwa Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na intaneti nzima ilipozimwa na kurudishwa, Facebook yenyewe haikurudi. Na wewe, kaka wa Bombo, ukijiondoa mwenyewe na kumwondoa mgeni wako, waliobaki ni 638.

Hoja yangu ni ukubwa wa kikundi. Kuna mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, aliyechunguza simu za watu akakuta kwamba mtu hawezi kushikilia uhusiano na watu zaidi ya 150. Kikundi cha 640 ni soko, na sokoni watu husalimiana tu. Kikundi cha dereva kina watu 42, ndiyo maana kijana yule alijiona anahusika.

#7 Mwalimu wa Jinja

Ahsante, kijana, kwa tarehe. Nami nikusahihishe kidogo. Namba 150 Dunbar hakuitoa kwenye simu. Mwaka 1992 alilinganisha ukubwa wa sehemu ya ubongo wa nyani na jamaa zao na ukubwa wa makundi wanamoishi, kisha akakadiria kundi la binadamu lingekuwa na watu wangapi. Baadaye aliongeza tabaka za ndani: watu 5 hivi wa karibu kabisa, 15, 50, halafu ndio hao 150. Wapo wataalamu wanaoipinga hesabu hiyo. Hata hivyo tabaka ya watu 5 inaniingia akilini, kwa kuwa mkitazama orodha ya watu mliowapigia wiki hii, wengi wenu mtaona majina yaleyale machache.

Kwa habari ya dereva, naona alichokieleza ni kisa cha msaada. Msamaria aliyekuokoa barabarani ni mtu wa kushukuriwa maisha yako yote, lakini je, uliposimama naye kwenye mvua mlikuwa marafiki, au mlikuwa watu wawili wenye taabu moja?

#8 Dereva wa Elegu

Mwalimu, mtu akishika tochi saa mbili kwenye mvua bila kulalamika, mimi sihitaji kumchunguza zaidi.

#9 Mzee wa Salamu

Wajukuu zangu, nawasoma kwa furaha, ingawa mnazungumza kana kwamba jambo hili lilianza na simu hizi.

Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ile ya Deutsche Welle ikafuata mwaka 1963, na sisi vijana wa wakati ule tulijaa kwenye salamu za redio. Ulinunua kadi, ukaandika majina ya watu unaowasalimu na anwani yako ya sanduku la posta, na jina lako likisomwa hewani, barua zilianza kuja kutoka kwa watu usiowajua. Mimi nilimpata hivyo mvuvi mmoja wa Mwanza mwaka 1984. Barua ilichukua wiki tatu kufika, wakati mwingine zaidi. Siku moja nilifungua bahasha nikakuta karatasi yenye unyayo wa mtoto uliochorwa kwa kalamu ya risasi kuzunguka mguu wenyewe, na chini yake ameandika, "Huyu ni binti yangu wa pili, anaanza shule Januari, na viatu vya huku havimkai." Nilikwenda na karatasi ile soko la Owino, Kampala, nikaiweka juu ya soli moja baada ya nyingine hadi nikapata iliyolingana. Tulionana kwa mara ya kwanza mwaka 1997, na binti yule alikuwa ameshaolewa.

Ninachoamini ni kwamba kusubiri ndiko kulikotufunga. Barua ya wiki tatu huiandiki ovyo, na jibu lake unalifikiri ukiwa shambani, ukiwa kitandani. Ninyi mnajibiana kabla hamjafikiri, kisha mnashangaa kwamba maneno hayana uzito.

#10 Fundi wa Nakivale

Mzee wetu, barua yako imenitoa machozi. Pole, ndugu wa Bombo.

Lakini naomba nipinge kipimo ambacho uzi huu umekikubali tangu mwanzo, kwamba rafiki ni yule anayekuja. Mimi ni mkimbizi kutoka Kivu, natengeneza simu hapa kambini, na watu wangu wa moyoni wako Goma, Bukavu, Nairobi na mmoja Kanada. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kuja nikifa leo. Goma ilipotekwa mwezi Januari 2025 nilikaa siku nne nikitazama alama moja ya kijivu kwenye ujumbe niliomtumia rafiki yangu, nikisubiri iwe mbili. Siku ya tano ilikuwa mbili. Hakuandika kitu, kwa sababu betri ilikuwa inakwisha, lakini mke wangu aliniona nikicheka peke yangu dukani akadhani nimepatwa na jambo.

Mkisema urafiki ni miguu ya kutembea hadi matangani, sisi ambao njia zetu zimefungwa mmetuambia kwamba hatuna rafiki.

#11 Mwana wa Bombo

Fundi, nisamehe. Sikukusudia hivyo, na nimeelewa. Kama alama mbili zile ndizo zilizokuwa safari yake, basi alisafiri.

Na nina jambo la kuongeza ambalo nimelijua jana tu. Nilimpigia rafiki yangu wa Malaba kumsimulia kuhusu mjadala huu, naye akanieleza kwamba siku ile hakuwa na nauli ya kutosha. Watu wanne wa kikundi, ambao siwajui hata kwa sura, walimtumia kila mmoja shilingi elfu ishirini na wakamwambia asinitajie. Kwa hiyo nilipoandika kwamba 638 walibaki namba, nilikosea, na nimelala nikiwafikiria hao wanne.

#12 Nesi wa Mbale

Pole sana, kaka. Nimefurahi umerudi kusema hivyo, kwa maana ndilo nililotaka kuuliza: je, tunawezaje kuhesabu waliotusaidia ikiwa hatuwaoni?

Nafanya zamu za usiku wodini. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwezi Juni 2025 ikisema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka. Nilipoisoma sikushangaa. Nimewaona wazee wenye watoto saba wakikaa wiki mbili bila mgeni. Na mimi mwenyewe, saa tisa usiku, wodi ikiwa imetulia, nimewahi kumwandikia muuguzi wa Lira mambo ambayo sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Sidhani ni saa, wala ni ukubwa wa kikundi. Ni kwamba unapoandika gizani bila kutazamwa usoni, aibu hupungua, na ukweli hupata pa kutokea.

#13 Mwalimu wa Jinja

Nesi, umegusa jambo lililoandikwa na Joseph Walther mwaka 1996. Alieleza kwamba katika mawasiliano ya maandishi mtu huchagua cha kuonyesha, hupata muda wa kulipanga neno lake, na msomaji naye hujaza mapengo kwa kumdhania mema, hivyo ukaribu unaweza kuwa mkubwa kuliko ule wa ana kwa ana. Lakini mlango huohuo ndio aliopitia tapeli wa Karani. Alionyesha alichotaka, na mapengo Karani akayajaza mwenyewe kwa wema wa moyo wake.

#14 Karani wa Kisenyi

Mwalimu, umelieleza vizuri kuliko nilivyowahi kujieleza mwenyewe, nami nashukuru.

Nimeketi jioni hii nikitafakari tofauti ya rafiki yangu na huyo wa Malaba, na nimeona moja. Katika miaka mitatu sikuwahi kukutana na mtu mwingine yeyote anayemfahamu yule mtu. Hakukuwa na shangazi, jirani, wala mtu aliyesoma naye. Wa Malaba alikuwa ndani ya kikundi, akibishana mbele ya mamia ya watu ambao wangemwumbua kama angedanganya. Zamani mtu akija kuposa, huulizwa ni wa nani na nani anamdhamini. Mtandaoni tuliacha kuuliza swali hilo tukidhani ni ushamba. Mimi sasa huliuliza.

#15 Bi Zulfa wa Arua

Karani, umesema vema, ila mdhamini naye hudanganya. Shemeji yangu alidhaminiwa na sheikh na padri kwa pamoja, na bado alitoroka na ng'ombe wa watu! Nakurudisha kwenye neno langu la kwanza: tabia.

#16 Mkulima wa Kasese

Poleni na msiba. Nimesoma yote, na nataka kumuunga mkono Mzee wa Salamu kwa kurudi nyuma zaidi.

Babu zetu wa Buganda, Bunyoro na Ankole walikuwa na omukago, ambao Waswahili waliuita undugu wa kuchanjiana. Watu wawili wasio ndugu, mara nyingi wa koo tofauti, walichanja tumboni, wakapaka damu kwenye mbegu mbili za tunda moja la kahawa, na kila mmoja akala ile ya mwenzake. Mimi ni mkulima wa kahawa, na kila ninapolibonyeza tunda bivu zikatoka mbegu mbili zilizolaliana bapa kwa bapa, huwa naelewa kwa nini walichagua tunda hilo. Kuanzia siku ile nyumba ya huyu ilikuwa nyumba ya yule, na msafiri aliweza kulala ugenini bila hofu. Kwa hiyo kumfanya mgeni wa mbali kuwa ndugu ni jambo tulilolijua kabla ya waya na mnara wowote. Tunachokikosa mtandaoni ni kiapo. Mtu anaingia kikundini kwa kubonyeza na anatoka kwa kubonyeza.

#17 Mwanafunzi wa Gulu

Mkulima, hoja yako ni nzuri sana, lakini omukago ulikuwa na adhabu, kwa kuwa aliyeuvunja aliaminika kupatwa na balaa yeye na kizazi chake. Je, urafiki unaoshikwa na hofu ya laana ni wa kweli kuliko ule ambao mtu anaweza kuondoka wakati wowote na akachagua kubaki? Mimi kizazi changu kilifungiwa nyumbani shule zilipofungwa Machi 2020 hadi Januari 2022, na marafiki niliobaki nao ni wale ambao hakuna aliyewalazimisha kunitafuta.

#18 Mkulima wa Kasese

Kijana, hilo nitalichukua shambani nikalifikiri, kama alivyosema mzee.

Ila nina mfano wa gharama. Serikali ilipoleta ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku mwaka 2019, kikundi chetu cha wakulima kilipungua kutoka watu 90 hadi 30 kwa wiki moja. Wale 30 waliokuwa tayari kulipa ndio hadi leo tunaozikana na kukopeshana mbegu. Gharama ilituchuja.

#19 Nesi wa Mbale

Mzee Mkulima, kodi hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2018, na iliondolewa mwaka 2021 ikawekwa ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti.

Na kwa heshima nyingi nakataa kwamba ilichuja marafiki. Ilichuja fedha. Muuguzi wetu mmoja wa kijijini alitoka kikundini wiki ileile ya kwanza, na tulimsema vibaya kwamba ametutupa. Miezi mitano baadaye tulikutana naye kwenye semina, akafungua pochi akanionyesha karatasi ambayo alikuwa amenakili kwa mkono namba zetu zote kumi na nne kabla hajatoka, ili siku akipata salio atupigie. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo.

#20 Mkulima wa Kasese

Nimekubali sahihisho la mwaka, na nimekubali la pili pia. Kati ya wale 60 waliotoka kuna watatu ambao nitawatafuta.

#21 Fundi wa Nakivale

Naomba niongeze jambo moja ambalo halijatajwa, nalo ni lugha. Hapa Uganda Kiswahili si lugha ya nyumbani kwa watu wengi, ingawa Katiba iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Tunaokizungumza tumetawanyika: Wanubi wa Bombo, sisi wa Kongo, watu wa mipakani, madereva, wafanyabiashara wa Kikuubo. Mtu akianza kukiandika kwa moyo wote, huwa anajitambulisha kwamba amewahi kuwa mgeni mahali fulani. Nadhani wageni hutambuana haraka.

#22 Bi Zulfa wa Arua

Fundi, kuna wanaokiogopa bado kwa sababu ya askari wa zamani waliokitumia kuwatisha raia, kwa hiyo lugha hiyohiyo inayotuunganisha sisi huwafukuza wengine. Marehemu mume wangu alikipenda, na kwa miaka mingi jirani zetu walidhani tunawatukana.

#23 Mzee wa Salamu

Mwana wa Bombo, umetuacha na mambo mengi. Je, utamlipaje mwenzako? Katika desturi zetu, aliyekujia matangani na wewe unamwendea.

#24 Mwana wa Bombo

Mzee wangu, ndilo nililokuwa nikijiandaa kuwaeleza. Sijapata jibu moja la swali langu, kwa sababu kila ninaposoma mchango mpya naona una kweli ndani yake, na ule wa kabla yake bado haujaondoka. Ile taa ya sola nimeitundika jikoni kwa mama kwenye msumari wake wa chekecheo, na dada zangu huiwasha kila magharibi hata umeme ukiwepo.

Jumamosi ijayo nasafiri kwenda Malaba kumtembelea rafiki yangu na familia yake kwa mara ya kwanza. Sitaki kwenda mikono mitupu, na nimekwisha kuagiza mananasi kumi ya Luweero, yale matamu kabisa, kwa sababu huko mpakani hayafiki yakiwa mazuri. Kama kuna aliye na ushauri mwingine, namsikiliza.

#25 Nesi wa Mbale

Kaka, wewe mwenyewe uliandika pale juu kwamba mke wake ana kisukari. Kipande kidogo hakitamdhuru, lakini mananasi kumi ndani ya nyumba yake ni kumweka mgonjwa katika majaribu kila anapoingia jikoni. Mpelekee mawili kwa ajili ya watoto. Na kinamama wa kwenu Bombo wanasuka zile kawa za rangi za kufunikia chakula, nyekundu na manjano na zambarau. Mpelekee yeye moja, iwe yake.

#26 Mwana wa Bombo

Ahsante, dada. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba niliandika hilo. Kawa aliyoianza mama imebakia nusu, na shangazi yangu anasema anaweza kuimaliza kufikia Ijumaa.